Wingu au mvua? Kuchagua mipangilio ya kamera wakati wa masika

Picha yenye chenga, zile punje punje zinazojitokeza mwanga ukiwa haba, mteja anaipokea. Picha iliyotikisika anairudisha. Hilo nilijifunza kwa aibu, Aprili moja, bibi harusi aliposhuka kwenye gari mvua ikimwagika na wasimamizi wakamkimbiza ukumbini chini ya miavuli miwili. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kwa sababu aliyenifundisha kazi alisema ISO ikipanda picha imekwisha. Kamera ikajiamulia shata ya 1/40, yaani ibaki wazi sehemu moja ya arobaini ya sekunde, muda mrefu kwa mtu anayekimbia. Nilirudi nyumbani na picha kumi na nane za shela linaloelea kama moshi, na uso hata mmoja haukusomeka.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza aweke kamera vipi siku ya mvua, namrudishia swali: unapiga chini ya wingu, au unapiga mvua yenyewe? Ni kazi mbili. Chini ya wingu kavu unashindana na anga na rangi. Mvua ikishaanza unashindana na mwendo na maji. Mipangilio inayokubeba kwenye kazi moja inaweza kukuangusha kwenye nyingine.

Wingu kavu

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na hesabu yao: jua likiwaka, apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/16, ISO 100, shata 1/100. Namba ya f ikishuka, tundu linapanuka. Wingu la kawaida likitanda, f/8. Wingu zito, f/5.6. Kutoka f/16 hadi f/5.6 ni stopu tatu, na kila stopu hukata mwanga nusu, kwa hiyo umebakiwa na sehemu moja ya nane. Macho yetu hayaoni pengo hilo kwa sababu yanajirekebisha yenyewe. Kamera inaliona.

Pamoja na hayo, ukinipa nichague kupiga sura za watu Dar saa sita mchana, kwenye jua au kwenye wingu, nachukua wingu bila kuuliza bei. Jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni na kushusha kivuli cha pua hadi mdomoni. Wingu ni kama shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa: mwanga unatoka kila upande, na vivuli vinayeyuka. Ngozi nyeusi ndiyo inayofaidi zaidi, kwani uzuri wake pichani uko kwenye mng'ao. Chanzo kipana cha mwanga huacha mng'ao mpana, laini, kwenye paji na mashavu, badala ya vile vidoa vikali vinavyomfanya mtu aonekane katoka jasho. Nairobi ya Julai, wenyewe wakilalamikia baridi na anga la kijivu wiki nzima, ni studio ya bure.

Tatizo ni anga lenyewe. Ni jeupe, na linang'aa kuliko uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Mita ya kamera hutaka fremu yote iwe kijivu cha wastani. Ikikuta nusu ya fremu ni nyeupe inabana mwanga, na sura inageuka kivuli. Hapa una njia tatu za kuchagua.

Kitufe cha +/-, kinachoiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga wa picha, ndicho cha haraka. Weka +1, na kwa mtu mweusi aliyesimama mbele ya anga tupu usiogope hata +1.7. Anga litaungua, liache liungue; halina kitu ndani yake. Njia ya pili ni mita ya nukta, inayosoma kipande kidogo tu cha fremu. Kwa maneno ni sahihi kuliko zote, lakini ukiilenga ngozi nyeusi inaivuta kuwa kijivu na mtu anatoka mweupe kuliko alivyozaliwa, na ukiteleza kidogo ikaangukia kola ya shati jeupe, picha inayofuata ni giza. Mimi nimeachana nayo. Njia ya tatu ni M, kupanga kila kitu kwa mkono. Wingu likiwa limetulia, M inashinda zote: mwanga haubadiliki nusu saa nzima, unapima mara moja kisha unashughulika na watu. Mawingu yakiwa yanakimbia, jua likichungulia na kujificha, M itakuchosha. Rudi kwenye A, au Av kwa wenye Canon, ambapo unachagua apacha na kamera inachagua shata, pamoja na kile kitufe cha +/-.

Ila kabla ya kugusa kitufe chochote, hama ulipo. Panda ngazi tatu upige ukishukia chini, au mweke mtu mbele ya mwembe au ukuta wa zamani. Fremu isiyo na anga haina ugomvi na anga.

Kupandisha ISO au kupunguza shata

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na mimi nimeshasema nilivyoanguka.

Mwanga ukipungua una milango mitatu tu: fungua apacha, punguza kasi ya shata, au pandisha ISO. Apacha ina mwisho wake, ukifika f/5.6 kwenye lenzi iliyokuja na kamera, umefika. Zinabaki mbili. Shata ikipungua, chochote kinachosogea kinafutika. ISO ikipanda, chenga zinaongezeka na rangi zinafifia kidogo. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Chenga programu za kompyuta huzisafisha, na picha ikishatumwa WhatsApp ikaonekana kwenye kioo cha simu hakuna anayeziona. Uso uliofutika kwa mwendo hakuna programu ya kuurudisha kama ulivyokuwa.

Kwa watu, kipimo changu ni hiki: aliyesimama 1/125, anayetembea 1/250, anayekimbia kukwepa mvua 1/500. Hizo ndizo naweka kwanza, ISO inajitafutia yenyewe. Kamera nyingi zina ISO otomatiki inayokuruhusu kuweka kasi ya chini kabisa ya shata na dari ya ISO. Weka 1/250 na dari ya 6400 usahau. Na ule ujanja wa kubaki ISO 800, picha itoke giza, kisha uivute stopu mbili nyumbani ukidhani umekwepa chenga, ni kujidanganya. Haitakuwa safi kuliko 3200 iliyopigwa sawasawa, na kwa kamera za zamani itakuwa chafu zaidi.

Usidanganyike pia na kile kitulizi cha mtikisiko kilichomo kwenye lenzi au kwenye kamera. Kinatuliza mikono yako. Anayevuka barabara hakimtulizi.

Shata ya polepole ina mahali pake, ambapo hakuna anayesogea, au mwendo wenyewe ndio picha. Milima ya Usambara asubuhi, ukungu ukiwa umekalia mabonde ya Lushoto: tripodi, ISO 100, f/8, shata hata nusu sekunde, na chenga hazipo. Ukungu nao ni mweupe, kwa hiyo +1 inahitajika vilevile. Kufokasi kwa otomatiki huhangaika humo ndani ikitafuta kitu cha kushika. Ielekeze kwenye ukingo wa mti mweusi, au fokasi kwa mkono.

Matone: kuyagandisha au kuyaacha yawe mistari

Tone kubwa la masika linaanguka kwa kama mita 8 kwa sekunde. Kutokana na hapo ni hesabu ya darasa la tano:

| Shata | Tone linasafiri | Mvua inavyoonekana |
|---|---|---|
| 1/1000 | milimita 8 | vidoti, mara nyingi haionekani kabisa |
| 1/250 | sentimita 3 | vijistari vifupi |
| 1/125 | sentimita 6 | mistari inayosomeka kuwa mvua |
| 1/60 | sentimita 13 | nyuzi ndefu |
| 1/15 | nusu mita | pazia la kijivu |

Hizo sentimita ni za hewani. Kwenye picha, tone la karibu huchora mstari mrefu kuliko la mbali. Wengi hudhani kadiri shata inavyokuwa kali ndivyo mvua inavyoonekana. Ni kinyume. Kwa 1/1000 mvua kubwa ya Kariakoo inaweza kutoka kama siku ya kawaida iliyolowa, na mtu atakuuliza mbona wamefungua miavuli. Kasi hiyo itunze kwa gari linalopita dimbwini na kurusha maji, au mtoto anayeruka kwenye maji. Pale unataka kila tone lisimame peke yake.

Kwa mtaani mimi nachagua 1/125. Mistari inaonekana, na mtu anayetembea polepole bado ana sura. Anayekimbia atafutika miguu, na miguu kufutika si dhambi. Nikitaka nyuzi ndefu za 1/60 au chini yake, natafuta kwanza mtu aliyetulia: mlinzi mlangoni, mama aliyejibanza kwenye kibanda, dereva wa bodaboda anayengoja ipungue.

Na mvua, hata ukiiwekea shata gani, haionekani mbele ya anga jeupe. Inataka giza nyuma yake na mwanga unaotoka upande ule uliko weusi huo. Mlango wa zamani wa Mji Mkongwe ulio wazi, ndani giza, taa ya duka ikichungulia pembeni. Au taa za gari linalokuja jioni. Geuka uelekee mwanga, halafu uone nyuzi zinavyowaka.

Fleshi? Ikiwa juu ya kamera, iache mkobani. Matone yaliyo sentimita thelathini mbele ya lenzi yanapata mwanga mwingi kuliko mtu aliye mita nne, kwa hiyo yanageuka mipira myeupe iliyotawanyika usoni kwa watu. Ikiwa nyuma ya maharusi, juu ya stendi, imefunikwa vizuri na kuwashwa kwa rimoti, ni habari nyingine kabisa: kila tone linakuwa cheche, na wawili hao wanasimama ndani ya duara la nuru. Ni picha moja, inachukua dakika kumi kuandaa, na ndiyo wataiweka ukutani. Ila fleshi yenye betri zilizolowa si ya kuchezea. Kama huna cha kuifunika, acha.

Lenzi iliyokuja na kamera au 50mm f/1.8

Ikiwa una bajeti ya kitu kimoja kabla ya masika, hapa sina ugomvi na mtu. Lenzi ya 18-55mm ukiivuta hadi mwisho inakupa f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa wanazouza, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale ambapo ya kwanza inadai ISO 6400, ya pili inaridhika na 640. Hakuna kamera mpya itakayokupa faida hiyo kwa bei hiyo.

Gharama yake ni kina. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita mbili kutoka kwako, kwenye kamera za sensa ndogo ya APS-C eneo lililo kali ni kama sentimita 11. Jicho kali, sikio limeshaanza kufifia, na aliyesimama nyuma yake si mtu tena. Picha za kundi chini ya turubai usizipige hivyo; shuka f/4 na ISO ipande. Na katika vichochoro vya Mji Mkongwe 50mm hukubana, mgongo unagonga ukuta kabla watu hawajaingia wote kwenye fremu. Huko ile 18-55 kwenye 18mm, ambako angalau inafika f/3.5, inafaa zaidi.

Rangi: otomatiki, alama ya wingu, au namba

WB otomatiki, yaani kamera kujipangia yenyewe rangi ya mwanga, imekuwa nzuri siku hizi, lakini ina tabia ya kubadili mawazo. Bibi harusi akiwa na gauni jeupe inasoma hivi, akisogea mwenye kitenge inasoma vile, na albamu nzima inatoka na ngozi za aina tano. Alama ya wingu, ambayo ni kama 6000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), inaongeza joto kidogo na kuondoa ule ubuluu wa siku ya mvua. Kwa watu naitumia hiyo, au naweka namba mwenyewe. Kwa mtaa wenye maji nafanya kinyume: nashuka hadi 5000 K, rangi ya baridi inabaki, na taa za njano za madukani zinapata kitu cha kushindana nacho.

Hizo zote hazikusaidii kwenye turubai. Shughuli zetu nyingi ziko chini ya maturubai, na turubai la buluu humwaga buluu yake juu ya kila uso. La kijani ni baya zaidi. Mwavuli mwekundu hufanya vivyo hivyo kwa aliye chini yake. Ukiweza kuwashauri wenye shughuli mapema, waambie turubai jeupe na miavuli myeupe au ya nailoni inayoonyesha. Huo ushauri mmoja utakuokolea saa nyingi za kompyuta kuliko alama yoyote ya WB. Ukishindwa, watoe ukingoni mwa turubai, pale mwanga wa nje unapowafikia kwa mbele.

Ndiyo maana pia napiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwenye mwanga wa namna hii. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi; RAW ya biti 14 ina 16,384. Kumtoa mtu rangi ya turubai kwa JPEG ni kama kufua doa la mafuta kwa maji matupu. Faili ni kubwa, ndiyo, na kama kazi ni ya kutuma picha palepale mtandaoni, piga JPEG na WB ya mkono. Kamera nyingi zinaweza kuhifadhi zote mbili kwa pamoja. Kadi zimeshuka bei.

Filta ya kupunguza mng'aro, polaraiza, inafaa mashambani na mjini inaharibu. Kwenye majani yaliyolowa inaondoa ule weupe wa juu, na kijani cha chai kinatoka kama kilivyo. Kwenye lami iliyolowa inafuta mwakisiko wa taa, na huo mwakisiko ndio ulioufuata. Tena inakula stopu moja hadi mbili za mwanga ambao tayari huna.

Simu au kamera

Simu yenye alama ya IP67 imepimwa kukaa mita moja ndani ya maji kwa dakika 30, na kamera nyingi hazina alama yoyote ya IP hata zikitangazwa kuwa zinahimili mvua. Hapo simu imeshinda. Lakini kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi. Ufukweni, mawimbi yakirusha, hakikuhusu. Kioo kikilowa nacho kinaanza kujibonyeza chenyewe: piga kwa kitufe cha sauti. Na zima hali ya usiku. Inaunganisha picha nyingi kuwa moja, kisha mvua inafutwa kama uchafu na anayetembea anatoka na vivuli viwili. Kwa mwavuli mmoja na mtaa wenye taa, simu inatosha. Kwa mtu anayekimbia jioni, chukua kamera.

Kujikinga

Mashauri mengi ya mtandaoni yanaanza na "visha kamera mfuko wa plastiki". Mwandishi wake haishi kwetu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya walitangulia Agosti 2017. Mbadala wangu ni kofia ya nailoni ya kuogea, ile wanayokuwekea hotelini: ina mpira, inaishika kamera vizuri, na unatoboa tundu la lenzi. Koti rasmi la kamera ni bora, ila kulivaa na kulivua kunachukua muda, na mvua ya pwani wakati mwingine huwa imekwisha kabla hujamaliza kulifunga. Mwavuli unahitaji mkono wa tatu. Kama una kijana wa kukushikia, ndiyo kinga bora kuliko zote kwa sababu lenzi inabaki kavu. Ivishe lenzi kofia yake ya kukinga jua (hood, si kifuniko) hata kama hakuna jua, inazuia matone kutua kwenye kioo. Na weka kitambaa mfukoni, si mkobani.

Bora zaidi ya vyote ni kukaa barazani. Chini ya paa, mgongo ukutani, mvua mita mbili mbele yako, na watu wanaokuja kujibanza karibu nawe hawana haraka. Unakosa pembe, ndiyo, lakini unapata sura.

Adui mkubwa wa pwani hata hivyo si mvua, ni kiyoyozi. Ukitoka kwenye gari la baridi ukafungua mkoba nje kwenye joto la Dar, lenzi inavaa ukungu papo hapo na kuifuta hakusaidii, unarudi upya. Zima kiyoyozi dakika ishirini kabla ya kufika, au acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto. Ukirudi nyumbani toa betri na kadi, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, na usiifungie kamera mkobani ikiwa mbichi. Lenzi zinazolazwa hivyo huota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui, na fundi akishazikuta mara nyingi amechelewa. Zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu unaweka vingine.